Jozi Nane za Kunde

Mke wangu alipofariki aliacha kopo moja la majivu nyumbani. Lilikuwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa mfuniko wake, na juu ya mfuniko kuna kipande cha nailoni kilichokazwa kwa mpira. Majivu yalikuwa ya magunzi ya mahindi. Yalichomwa kwao, Ukambani, yakachekechwa mara mbili. Kila mwaka baada ya mavuno aliyaleta Nairobi kwa basi, kopo likiwa mapajani, na akifika aliyachanganya na kunde kavu ili fukusi wasizitoboe.

Jambo hilo lilinikera. Tulikuwa na jiko la makaa, na jiko la makaa hutoa majivu kila siku. Nilimwambia majivu ya jiko ni bora. Nilimwambia ya magunzi yanashika unyevu, kwamba yangemwozeshea kunde. Nilisema hivyo tukiwa wawili, nikasema mbele ya wageni, na mara moja nilisema kwenye kituo cha basi huku utingo akicheka. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Utakula, utaona." Nilikula kwa miaka kumi na minne. Sikuwahi kulinganisha.

Mimi ni kibarua katika kituo cha utafiti wa mbegu, mbele kidogo ya Mountain View ukitoka mjini. Shule yangu iliishia darasa la nane. Kazi yangu ni kuhesabu. Mbegu mia moja hupangwa kwenye trei juu ya karatasi yenye maji, na baada ya siku kadhaa mimi huhesabu zilizoota, zilizooza na zilizokaa tu. Mbele yangu, upande wa pili wa meza, huketi mama mmoja ambaye ameifanya kazi hiyo kunizidi kwa miaka. Anahesabu haraka na kusema bila kukoma, na hakosei. Sote wawili tulijua kuhesabu. Hatukujua namba zetu zilifanywa nini zikishaondoka mezani.

Miezi michache baada ya mazishi alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa Mombasa, kufanya utafiti wake juu ya uhifadhi wa nafaka. Siku ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo, baba."

Kabla sijaitikia, mama wa mezani alicheka. "We dada, hapa Nairobi shikamoo ni ya mtu anayetafuta kura."

"Basi nipigie kura, mama," alisema yule binti, akavuta kiti.

Alikuwa mpole lakini hakukubali jambo kwa sababu limesemwa. Siku moja wakati wa chai ya saa nne nilimweleza habari za lile kopo. Sikumbuki kilichonisukuma. Sikuwa nimemweleza mtu mwingine.

Aliuliza, "Na yalifaa?"

"Sijui."

"Ulikula miaka yote hiyo na hujui?"

"Nilikula kunde nzuri. Lakini sikuweka nyingine kwenye majivu ya jiko, kwa hiyo sijui."

Akasema tungeweza kujaribu. Nafasi ilikuwepo kwenye rafu zake, na jaribio dogo lisingemsumbua. Akaongeza jambo moja. Kila mwaka kituo hufungua lango kwa wakulima, na mbao za maelezo husimamishwa kando ya njia. Ubao wa uhifadhi ungekuwa wake. Kama majivu ya magunzi yangevuka mstari, alisema, angeyaandika pale, wakulima wasome.

Sikumuuliza mstari gani. Nilisikia tu kuhusu ubao. Mke wangu hakuwahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya kanisa na cheti cha kifo. Jina lake lisingekuwepo kwenye ubao, lakini jambo lake lingekuwepo. Kuanzia siku ile nililitaka kuliko kitu kingine chochote, na sioni sababu ya kulificha hapa.

Kunde nilizipata kwa dada yake, shemeji yangu, anayeuza nafaka Dagoretti Corner. Alinipimia kutoka magunia manane tofauti, kila gunia mfuko wake, kama binti alivyoagiza. Aliuliza swali moja tu.

"Huo ubao utaandikwa nini?"

"Majivu ya magunzi."

"Basi nitakuja niusome mwenyewe."

Mitungi ilibidi ifanane. Nilishuka mjini hadi River Road, nikanunua kumi na sita ya kioo yenye vifuniko vya bati. Mwenye duka, mzee wa Lamu, aliniuliza kama nafungua biashara ya asali. Nikamwambia ni ya kufugia wadudu. Aliongeza sauti ya redio yake.

Tuligawa kila mfuko mara mbili, mitungi miwili kwa kila mfuko, jozi nane. Idadi hiyo ya nane haikuchaguliwa na mtu. Majivu yaliyokuwa kwenye kopo yalitosha mitungi minane, yakaisha. Nilikung'uta kopo hadi chini. Mtungi upi kati ya miwili upate majivu ya magunzi na upi ya jiko langu, hilo liliamuliwa na sarafu aliyorusha mama wa mezani. Binti aliandika matokeo kwenye daftari lake, akabandika herufi kwenye mitungi, akatia fukusi hai kumi kwa kila mmoja, akafunga. Mimi nilitolewa nje wakati huo.

"Kwa nini nitoke? Kunde ni zangu."

"Ndiyo sababu, baba. Wewe ndiye utakayehesabu."

Nilielewa baadaye, siku ya kuhesabu, baada ya miezi mitatu. Majivu ya magunzi ni meupe kuliko ya jiko. Ningeyaona ningejua. Kwa hiyo mama wa mezani aliyachekecha na kuyatoa yote, akazipangusa kunde, akaniletea mia moja kutoka kila mtungi kwenye sahani yenye herufi tu. Kunde yenye tundu ni yenye tundu, lakini ziko zenye kovu dogo ambalo mtu anaweza kuliita tundu au asiliite. Nilipofika kwenye hizo nilijikuta nikitafuta harufu ya magunzi. Nilinusa sahani. Mama wa mezani aliniona.

"Unanusa nini? Hiyo si sufuria ya githeri."

Nikaacha. Tukakubaliana kwamba kovu ambalo ncha ya sindano haiingii si tundu, na tukarudia sahani tatu za kwanza.

Mchana ule binti alifungua daftari na kusoma. Jozi ya kwanza, tundu chache zaidi upande wa magunzi. Ya pili, magunzi. Ya tatu, magunzi. Ya nne ilikwenda kwa jiko. Ya tano hadi ya nane, magunzi.

"Saba moja!" mama wa mezani alipiga meza. "Hiyo si mechi, huo ni msiba." Akakumbuka anaongea na nani, akaniomba radhi. Nikamwambia aendelee tu.

Binti hakushangilia. Alitoa sarafu ya shilingi kumi, akanipa.

"Tuseme majivu ni yale yale. Hayana tofauti kabisa. Kwenye kila jozi lazima upande mmoja upate tundu chache kuliko mwingine, kwa bahati tu. Ni kama kurusha sarafu. Rusha mara nane, uandike."

Nilirusha. Tano kwa tatu. Nikarusha tena, nne kwa nne. Aliniachia kazi hiyo, akaenda kwenye trei zake. Wiki nzima wakati wa chakula cha mchana nilirusha sarafu mara nane nane na kuandika nyuma ya fomu zilizoharibika. Vijana wa ghala walidhani nimeanza kubeti. Siku ya pili ilitoka saba kwa moja. Nilikaa nikiitazama karatasi. Sarafu haina majivu, haina mke, na ilikuwa imefanya vile vile.

Ijumaa binti alichora mti kwenye karatasi, kila tawi likigawanyika mawili, hadi akafika pembeni na kuacha. "Mirusho minane ina njia mia mbili hamsini na sita," alisema. "Njia ngapi zinatoa nane kwa sufuri upande wa magunzi?"

"Moja."

"Na saba kwa moja?"

Nilifikiri. Ile moja inayokosa inaweza kuwa ya kwanza, ya pili, hadi ya nane. "Nane."

"Jumla tisa. Tisa kati ya mia mbili hamsini na sita. Ni kama tatu na nusu katika mia." Aliandika herufi p ndogo, alama ya sawa, na namba hiyo. "Hii ndiyo p. Inasema: kama majivu hayana tofauti, bahati peke yake ingetupa matokeo kama haya, au makali kuliko haya, mara tatu na nusu katika kila mara mia. Ikiwa ndogo tunashangaa. Tunasema, labda si bahati."

"Ndogo kiasi gani?"

"Wengi huweka mstari kwenye tano katika mia."

"Nani aliuweka hapo?"

"Watu, baba. Haukuteremka kutoka mbinguni."

Tatu na nusu ni chini ya tano. Nilihesabu hilo mwenyewe kabla hajasema. Nikasimama kwenda kumpigia shemeji simu. Binti aliniambia nikae kwanza.

"Kuna swali ambalo nilipaswa kukuuliza na kuliandika kabla ya kuanza. Sikuliandika. Hilo ni kosa langu, si lako. Nimehesabu upande mmoja tu, upande wa magunzi kushinda. Hiyo ni halali kama kabla ya jaribio hakuna aliyedhani magunzi yanaweza kuwa mabaya zaidi. Kama majivu ya jiko yangeshinda saba kwa moja, tungesema nini? Tungesema ni bahati tu, tukafunga mitungi? Au tungesema, ala, kumbe ya jiko ni bora?"

Mama wa mezani aliacha kuhesabu. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha kuhesabu kabla ya siku ile.

Ningeweza kusema hakuna aliyedhani hivyo. Mtu mmoja tu ndiye angenibishia, naye hakuwepo. Lakini niliona kituo cha basi, na utingo akicheka.

"Mimi nilidhani," nilisema. "Nilimwambia miaka kumi na minne kwamba ya jiko ni bora. Nilisema yake yangeozesha kunde. Kama ya jiko yangeshinda ningesema, nilimwambia."

Binti aliandika. Hakuinua uso. "Basi lazima tuhesabu pande zote mbili. Tisa za huku na tisa za kule. Kumi na nane katika mia mbili hamsini na sita. Saba katika mia."

"Imezidi mstari wa tano."

"Imezidi."

Mama wa mezani alinigeukia. "Mzee, wewe ni mtu wa aina gani? Si ungenyamaza tu! Umeulizwa na nani?"

"Ameniuliza yeye."

"Na ukiulizwa lazima ujibu? Hata mahakamani mtu hukaa kimya." Kisha akamgeukia binti. "Sasa ongezeni jozi mbili, zikishinda mambo yanaisha."

"Na zikishindwa, tutaongeza nyingine mbili?" binti alisema. "Ukirusha sarafu na kuacha pale tu unapofurahi, mama, utafurahi siku zote."

Hata hivyo majivu ya mke wangu yalikuwa yamekwisha.

Jioni ile nilipanda mlima wa Kangemi kwa miguu nikijifariji kwa njia yangu. Saba katika mia, nilijiambia, maana yake ni kwamba kuna nafasi saba kwamba mke wangu alikosea, na tisini na tatu kwamba alikuwa sawa. Tisini na tatu ni alama nzuri kwenye mtihani wowote. Nililala nayo. Jumatatu nilimweleza binti, naye akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Hii saba imeanza kwa kudhani majivu ni sawa. Ndani ya dhana hiyo ndiko ilikohesabiwa. Haiwezi kugeuka nyuma ituambie dhana yenyewe ni kweli kwa kiasi gani."

Sikuelewa, na nilimwambia sielewi. Tulihangaika hadi chai ikapoa. Mwishoni nilikumbuka kazi niliyofanya ujanani, kutunza bustani Lavington. Nyumba ile ilikuwa na mbwa. Tuseme mbwa yule, pasipokuwa na mwizi, hubweka siku saba katika mia, kwa sababu ya paka au upepo. Leo amebweka. Je, kuna mwizi kwa tisini na tatu katika mia? Mlinzi angekucheka. Ingetegemea wezi huja mara ngapi mtaa ule, na kama mbwa mwenyewe akiona mwizi hubweka au hulala. Kubweka peke yake hakusemi hayo. Na asipobweka, hilo nalo si ushahidi kwamba ukuta haukurukwa.

"Hiyo nitaiiba," binti alisema.

"Kwa hiyo hatujui."

"Tunajua kidogo kuliko unavyotaka, na zaidi ya tulivyojua mwanzo. Jozi nane ni mbwa mzee, baba. Hata mwizi akija huenda asimsikie."

Nilimuuliza kuhusu ubao, ingawa nilijua. Alisema hawezi. Kuna majaribio mengine kwenye rafu zake yaliyokuwa yameishia upande mbaya wa mstari, na hakuyaandika. Akiandika langu kwa sababu ya msiba wangu, ubao wote hautakuwa na maana. Hakusema kwa ukali. Nilimwambia nisingetaka aandike. Nilitaka aandike, lakini nisingetaka. Kwenye ripoti yake ya ndani, alisema, kungekuwa na mstari mmoja wa jaribio letu. Kawaida huandikwa kwamba hakuna tofauti iliyoonekana.

"Usiandike hivyo," nilisema. "Andika saba kwa moja, na uandike hiyo p ilivyo. Anayesoma aone ni saba, si hamsini."

Aliandika mbele yangu.

Shemeji nilimwendea Jumamosi. Habari ya aina hiyo sikutaka kuipitisha kwenye simu. Dagoretti Corner ilikuwa imejaa watu wa soko. Alikuwa nyuma ya magunia yake akipepeta njugu, leso imefungwa kiunoni. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio: matokeo, sarafu, swali, jibu langu, na ubao.

Alisikiliza bila kuacha ungo. Nilipomaliza aliuweka chini.

"Saba kwa moja."

"Ndiyo."

"Na ungesema neno moja tu, angeandikwa."

"Si neno. Ingebidi niseme sikuwahi kumpinga."

"Wewe ulimkataa akiwa hai," alisema, taratibu, kama mtu anayesoma, "na sasa umemkataa mara ya pili, tena mbele ya wasomi."

Mteja alikuja, akapimiwa mbaazi, akaondoka. Aliyosema kuhusu mara ya kwanza yalikuwa kweli, na kuhusu ya pili sikuwa na hakika.

"Haijasemwa alikosea," nilisema baadaye. "Imesemwa jozi nane hazitoshi kuondoa bahati, kwa mtu aliyekuwa na shaka. Na mtu huyo ni mimi."

"Lakini sasa wewe mwenyewe unaamini nini?"

"Naamini ya magunzi ni bora."

"Ulianza kuamini lini?"

"Alipokufa."

"Hiyo si hesabu," alisema.

"Ndiyo maana sikuitia kwenye hesabu."

Alichukua ungo, akaurudisha chini tena. Aliuliza ingehitajika mitungi mingapi. Nilimweleza alivyoniambia binti: jozi ishirini, pande zote mbili, na kila kitu kiandikwe kabla, pamoja na siku ya kuacha. Kwa ishirini, kumi na tano zingetosha kuvuka. Kumi na tano katika ishirini ni ushindi mdogo kuliko saba katika nane, nilimwambia, lakini bahati huutoa kwa nadra zaidi. Alifikiri juu ya hilo na midomo yake ikasogea. Alikuwa anahesabu.

"Majivu yake yameisha?"

"Yameisha."

"Magunzi yapo kwa mama. Kuchekecha najua, mara mbili, kitambaa cha pili kiwe cha pamba. Yeye alifundishwa nilipofundishwa." Akasimama, akashika kiuno. "Nitachoma mwezi wa nane. Na ikishindwa?"

"Nitakuja nikwambie."

"Utakuja," alisema. Hakusema kwa kunisifu. Kisha akanyoosha kidole kwenye gunia la kunde lililokuwa karibu na mguu wangu, akaniambia nilisogeze ndani, mvua inakuja.